Mafundi watatu, mfarishi mmoja, na vitambaa vya makochi vya mama

Sindano ilivunjikia kwenye jicho la tausi. Nilisikia "ta!", fundi akasimamisha cherehani, akainama na kuokota kipande cha chuma katikati ya nyuzi kama mtu anayemtoa mtoto mwiba wa samaki. Wala hakushtuka. Aliweka sindano nyingine, akaendelea. Mimi nimesimama pembeni jasho linanitoka, namshukuru mama kimoyomoyo kwa kunilazimisha nipeleke foronya ya majaribio badala ya kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ni hii. Mama alidarizi vitambaa vya makochi kuanzia 1979 mpaka 1986, tukiwa Korogwe. Wa umri wangu mnavijua: kila kochi na kitambaa chake, meza na chake, redio na chake, na mtoto akivishika na mikono ya maembe anachapwa. Makochi yalishakufa zamani, vitambaa vikabaki kwenye sanduku la bati. Mama alipohamia kwangu Mbagala, sanduku nalo likaja. Nikahesabu vitambaa 19. Tausi, jogoo, mawaridi ya kila namna, birika la chai na vikombe viwili, na kimoja kimeandikwa "Karibu wageni" kwa uzi wa kijani. Vingine ni vya popilini, vingine bafta, kwa sababu kipindi kile cha foleni ulidarizi juu ya kitambaa ulichopata, hukuchagua.

Nilichagua 12, nikaviunganisha vitatu kwa vinne. Kati ya kimoja na kingine, na kuzunguka ukingo wote, nimeweka ukanda wa popilini ya bluu hafifu wenye upana wa sentimita sita. Kila kitambaa ni sentimita 45, kwa hiyo uso mzima ulitoka sentimita 159 kwa 210, saizi ya kulala juu ya kitanda cha tano kwa sita bila kuburuza chini. Mpaka hapo cherehani yangu ya miguu ilitosha. Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya umeme. Mshono ulionyooka nauweza, zaidi ya hapo naenda kwa mafundi.

Nilitaka mfarishi. Wanangu wanauita duveti, lakini duveti ni mfuko uliojazwa faiba, basi. Mfarishi ni matabaka matatu, uso, kitu cha kati na bitana, yameshonwa pamoja ili yasiachane. Ugumu wote uko kwenye kuyashona pamoja. Kitambaa kisicho na pambo unaweza kukipitishia mistari popote, hakuna atakayekulaumu. Kilichodariziwa tayari kina jasho la mtu juu yake, na mshono utakaoongeza utaipendezesha kazi ile au utaitia makovu.

Nirudi kwa fundi wa kwanza. Yuko Kariakoo, ana cherehani ya umeme yenye kasi ya ajabu, anashona mashuka na mapazia ya hoteli. Jina la duka silitaji kwa sababu makosa mengine yalikuwa yangu: sikumwuliza atashonaje. Aliichukua foronya, akaweka faiba chini yake, akachora kwa chaki miraba ya inchi mbili kutoka ukingo hadi ukingo, akaanza kuipitia. Dakika kumi tu! Alinitoza 6,000, na mfarishi mzima alisema 50,000 nichukue kesho yake jioni.

Ukiiangalia foronya ile kwa mbali imependeza. Isogelee. Mstari mweupe umekatiza uso wa tausi kama mkwaruzo wa paka. Yale maua ya kujazwa, ambayo mama aliyalaza nyuzi zikagusana mpaka zikang'aa kama hariri, yamebonyea pale cherehani ilipopita. Vile vifundo vidogo vya katikati ya ua, vitatu vimekatwa na sindano, uzi umetoa ulimi. Tena kila mraba una kamkunjo upande mmoja, kote upande uleule.

Nilimwuliza kuhusu mikunjo, naye akanieleza vizuri, sina ubaya naye. Meno ya cherehani yanavuta nguo ya chini, mguu unaokanyaga juu unaizuia ya juu, na katikati kuna faiba inayoteleza. Tabaka la chini linatangulia, la juu linabaki nyuma, ukifika mwisho wa mstari kitambaa cha juu kimezidi, lazima kijikunje. Upo mguu maalumu wenye meno yake unaotembea pamoja na nguo kwa juu, unaondoa tatizo hilo. Yeye hanao. "Dada, kwa kazi za hoteli hauhitajiki," alisema, na kwa kazi za hoteli nakubaliana naye. Mashuka aliyokuwa akishona pale yalikuwa yamenyooka kama daftari. Kwa kitambaa kisicho na pambo ningempa nyota nne. Kwa kilichodariziwa nampa mbili, moja ya kasi na moja ya ukweli wake.

Keko sikukaa hata nusu saa. Rafiki yangu alinielekeza kwa fundi makochi mwenye mashine nzito, akidhani mashine kubwa ndiyo dawa. Fundi yule aliishika kazi ya mama kwa vidole viwili, akaangalia mbele na nyuma, akanirudishia. Sindano yake ni ya ngozi na turubai; tundu inaloacha kwenye popilini halizibi hata ukifua. "Mama, hapa nitakuharibia. Mimi hii siigusi." Kisha akaniambia, kama ni kuzuia kitu cha kati kisitembee, mbona wazee walikuwa wanafunga vifundo kwenye magodoro ya sufi? Bure, hakuchukua hata mia. Nyota tano kwa fundi aliyekataa kazi.

Vile vifundo nusura vinishawishi. Mama aliposikia neno sufi akachangamka. Sufi ya msufi ni laini lakini inateleza, haishikani yenyewe kwa yenyewe, ndiyo maana godoro lake lilichomwa sindano ndefu kutoka juu hadi chini, likafungwa fundo kila baada ya hatua, lisije likawa na milima na mabonde. Kwa mfarishi unafanya hivyohivyo kwa uzi mnene: unazama, unaibuka, unafunga, unakata ukiacha ncha mbili. Mama alifunga sampuli jioni moja huku akisikiliza taarifa ya habari, macho yenyewe ndiyo hayo. Ua lake hakuligusa hata moja.

Nikachukua futi ya fundi nikapima. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vifundo vinataka vikaribiane, kama upana wa kiganja hivi, sentimita kumi. Kwenye kanda zangu za bluu nafasi ipo tele. Lakini ndani ya kitambaa chenye sentimita 45, ua limekaa katikati limejaa karibu lote. Ukifunga kwenye kanda tu, kitu cha kati kinabaki hakijashikwa sentimita 45 kwenda na 45 kurudi. Fua mara mbili, faiba itakusanyika kona moja kama mtoto aliyenuna. Ukifunga ndani, ncha za uzi zinasimama juu ya waridi kama sharubu. Vifundo ningevichagua kwa uso wa vitenge, au wa vipande vilivyotariziwa kidogo kwenye pembe. Siyo huu.

Basi nikaenda Magomeni. Nilipanda mwendokasi Gerezani, nikashuka Mapipa, nikaingia ndani kwa miguu mpaka kwenye kibaraza cha bi mkubwa mmoja anayeshona kofia. Zile kofia za vito, zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, ambazo bwana harusi anavaa na kanzu. Nilimchagua kwa hesabu hiyo: mtu anayezungushia uzi tundu dogo namna ile, tena mamia kwa mamia, mkono wake hauvuti kwa pupa.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kiweke mkekani. Siyo hivyo, kigeuze."

Aliuangalia mgongo kabla ya uso. Wengine wawili hakuna aliyefanya hivyo kwa makini ule. Mama yangu anajisifu kwamba mgongo wake ni msafi kama mbele, na kweli, kwa vitambaa tisa. Vitatu alivishona ana haraka, uzi mweusi umeruka kutoka ua hadi ua. Kwenye bafta nyeupe uzi huo unaonekana kwa mbele kama mishipa ya mkono wa mzee, na ukishaziba kwa bitana hutaufikia tena. Bi mkubwa aliifunga ncha moja moja na kuikata. Jioni nzima ilikwendea huko.

Halafu maswali yake: utafua kwa mkono au mashine, nani atalalia, na katikati umeleta nini?

Nilikuwa nimeleta faiba nene, ile inayouzwa kwa mita. Aliibonyeza ikarudi juu, akacheka. Unene ule, alisema, sindano ya mkono haichukui zaidi ya mshono mmoja mmoja, na ukishashona, ua litavimba katikati kama andazi. Isitoshe hapa ni Dar, Januari utaupiga teke uanguke chini. Akanituma Karume kwenye mitumba nikatafute blanketi jepesi la pamba, lililochoka. Nilipata la rangi ya maziwa kwa 8,000. Sharti lake lilikuwa nilifue kwanza kwa maji ya moto, nilianike, nilifue tena. Pamba inasinyaa kwenye maji ya mwanzo. Ikisinyaa ukiwa umeshashona, inavuta uso wote na kuukunja. Wapo wanaoupenda mkunjo huo, wanasema unaleta sura ya kitu cha kale; tausi wa mama wa kale wa kutosha tayari.

Rangi nazo alizipima. Alilowesha kipande cha shuka jeupe, akakikandamiza juu ya kila uzi mwekundu kwa dakika kadhaa. Mawaridi yote yalifaulu. Jogoo akafeli, akaacha alama ya pinki. Mama akakumbuka papo hapo kwamba uzi ule aliununua kwa mchuuzi stendi ya Korogwe mwaka 1983, hakuna mwingine uliokuwapo. Tulimfumua jogoo kutoka kwenye uso, tukamloweka peke yake kwenye maji baridi, tukabadilisha maji mpaka yakawa meupe. Amebaki na kivuli cha pinki kifuani. Nimemweka kona ya miguuni.

Sasa njia yenyewe. Bi mkubwa hakuchagua moja, alichanganya, na akanigawia kazi. Kwanza matabaka matatu yalitandazwa sakafuni, bitana chini, yakavutwa yakanyooka bila kukazwa, yakapigwa bandi, ile mishono mirefu ya muda, kwa uzi mweupe kila kiganja, kuanzia katikati kwenda nje ili mkunjo wowote usukumiwe ukingoni. Nilitaka kutumia pini. Akasema kwenye bafta ya miaka arobaini pini itaacha tundu, bandi haiachi.

Pili, kanda za bluu alinirudishia nishone mwenyewe kwa cherehani, taratibu, mshono mrefu kidogo, ndani kabisa ya maungio, pale popilini inapokutana na kitambaa cha mama. Mshono ukizama hapo hauonekani, na haugusi uzi wowote wa kudarizi. Hapo tu ndipo alipoiruhusu cherehani, na kwa kweli kazi yote ya kubeba uzito wa mfarishi iko hapo.

Tatu, ndani ya kila kitambaa ni mkono mtupu. Alizunguka kila ua kwa mishono midogo, akiacha nafasi ya punje ya mchele kati ya mshono na nyuzi za mama. Hicho ndicho kilichoniacha mdomo wazi. Sehemu iliyoshonwa inashuka, isiyoshonwa inabaki juu, kwa hiyo ua linainuka lenyewe kama limewekewa mto, bila sindano kulipitia. Uwanja uliobaki aliujaza mistari ya mshazari, umbali wa vidole vitatu, inakuja hadi kwenye ua, inasimama, inaendelea upande wa pili kana kwamba imepita chini yake. Kuchora alitumia kipande cha sabuni kilichokauka, chembamba kama ukucha. Kalamu hakutaka hata kuiona.

Pale tu ua lilipokuwa kubwa mno aliingia ndani. Mkia wa tausi una sentimita 30, ungeachwa wote ungelegea. Aliupitia kati ya unyoya na unyoya, kwa uzi wa rangi ileile, mishono inayojificha. Fremu yake ya duara hakuikaza juu ya darizi hata siku moja, na kila jioni aliitoa, kwa sababu ikilala hapo inaacha duara na kubonyeza nyuzi.

Nitoke nje kidogo ya mada. Kule Karnataka, India, wako Wasiddi, watu ambao wahenga wao wengi walitoka huku kwetu Afrika, na wanawake wao wana mifarishi yao wanaiita kawandi. Wao huanza ukingoni na kushona kuzunguka kuelekea katikati, kinyume kabisa cha bi mkubwa wangu. Nilimsimulia. Akauliza wanaanzia na kitambaa kizima au vipande. Nikamwambia vipande, wanaviweka wanavyokwenda. "Ndiyo maana," akasema. "Wao mkunjo wanaufunika na kipande kinachofuata. Mimi wangu niufunike na nini?" Sikuwa na jibu, akaendelea kushona.

Malalamiko sasa, maana yapo. Aliniahidi wiki tatu, zikawa tisa. Mwezi mtukufu uliingia katikati, oda za kofia za Idd zikampanda kichwani, na kila nikipiga simu mfarishi "uko mwishoni". Mwishoni kwa wiki sita! Kazi yake ni 150,000, mara tatu ya Kariakoo, na nusu unatanguliza. Hana risiti. Kona mbili mishono ni mikubwa kuliko kwingine, nikabaini mjukuu wake alikaa zamu. Bi mkubwa mwenyewe anashona sita au saba kwa inchi, mjukuu minne akijitahidi. Nilipomwonesha alisema mtoto lazima ajifunzie mahali. Ajifunzie kofia ya mtu mwingine, nilitaka kusema, nikameza.

La bitana ni langu. Nilinunua doti ya kanga, nikaunganisha vipande viwili ubavu kwa ubavu nikijiona mjanja. Kila kipande kilikuwa sentimita 150 kwa 110. Urefu ukatosha, upana nikakuta 150 wakati uso una 159, na bitana inatakiwa izidi uso pande zote kwa sababu kushona kunakula nguo. Mhasibu mzima! Nikaongeza kanda mbili za popilini kushoto na kulia. Pia vipande viwili niliviunganisha vikitazamana, kwa hiyo "Wema hauozi" ya juu inasomeka sawa, ya chini inasomeka ukisimama kwa kichwa. Na jambo la kukumbuka: kila mshono wa mbele unatokea nyuma. Kwenye kanga yenye michoro mingi mishono ya mjukuu haionekani. Kwenye bitana nyeupe ungeiona yote.

Nimeufua mara mbili tangu Juni. Beseni kubwa, maji baridi, sabuni ya unga kidogo, kukandamiza bila kufikicha. Ukilowa ni mzito, usiuanike kwa kuubana pembe mbili, uzito wake utakata nyuzi za mkono. Mimi nautandaza juu ya kamba tatu kivulini. Pasi naipiga nyuma tu, uso ukiwa juu ya taulo, ili maua yazame kwenye taulo yasibonyee. Hakuna mshono uliokatika. Blanketi halijatembea. Jogoo ametulia.

Nyota nne kwa Magomeni. Ya tano imekatwa na zile wiki sita.

Mama aliukagua kwa vidole, macho kafumba, kitambaa baada ya kitambaa, kama anayesoma. Alifika kwenye birika la chai akasimama. "Hapa kanipita juu." Nikaangalia kwa taa ya simu: mshono mmoja, mmoja tu, umekanyaga mpini wa birika. Ameshautaja mbele ya wageni watatu mpaka sasa.

Sandukuni vimebaki vitambaa saba, na mama anataka vishonwe mfarishi wa pili wa mjukuu wake. Nilivipeleka Magomeni wiki iliyopita. Bi mkubwa alivigeuza mgongo kimoja kimoja, akavikunja, akasema nije baada ya Idd. Hakutaja Idd ipi.